Jina Kwenye Mkono wa Nyanya Anjeline

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, marehemu Anjeline Akoth alizuiwa mpakani Busia asirudi nyumbani kwake.

Si kwamba alikosa karatasi. Karatasi alikuwa nazo, tena za kutosha watu wawili, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kibali cha mazishi kilichotoka hospitali ya upande wa Kenya kilisema aliyefariki ni Anjeline Nanjala, Mkenya, miaka sabini na mmoja. Kitambulisho ambacho mwanawe wa kwanza, Odoi, alikitoa mfukoni mwa koti kilisema Anjeline Akoth, Mganda wa Kiyeyi, wilaya ya Tororo, miaka sabini na sita.

Afisa wa Kenya aliyekaa kaunta alikuwa kijana aitwaye Olweny, mgeni wa wiki tatu pale mpakani, shati limepigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Aliziweka karatasi mbili kando kwa kando.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Hii ni mama yangu," Odoi akasema.

"Na huyu mwingine?"

"Hii ingine pia ni mama yangu."

"Wote wawili wako ndani ya sanduku?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Odoi hakucheka. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye miaka hamsini na minane, aliyevaa koti la sufi kwenye jua la Busia kwa sababu msiba ni msiba. Nyuma yake alisimama Joanita, binti wa marehemu dada yake, mwanafunzi wa chuo cha Busitema aliyelelewa na nyanya yake tangu akiwa ananyonya kidole. Ndiye aliyeubeba mkoba wa nyanya, akiukumbatia kama kuku atakayeruka. Nje, kwenye kivuli cha lori, gari lililombeba marehemu lilikuwa limesimama milango wazi, na dereva wake, Jeff, anakula ndizi.

"Kaburi iko tayari," Odoi akasema. "Mchungaji amekuja. Tunazika saa nane."

"Naelewa, mzee. Pole sana. Lakini mimi kibali kinaniambia natoa Mkenya nchini, na nyinyi mnaniambia mnapeleka Mganda. Rudini kule kilikoandikwa, kirekebishwe."

"Leo?"

"Ofisi ni Jumatatu."

Neno Jumatatu lilimwingia Odoi taratibu. Joanita alimwona akihesabu kwa midomo: ng'ombe ameshachinjwa, masufuria yako motoni, viti vya kukodi vimepangwa, wakwe wametoka Mbale usiku. Na mama yake atakaa ndani ya gari siku mbili, kwenye joto hili.

Kisha Odoi akageuka polepole na kumtazama mwanamke mnene aliyekuwa amejibanza karibu na mlango, leso imefungwa kiunoni, macho mekundu. Huyo ndiye aliyekuwa Nanjala mwenyewe. Yuko hai, na jina lake liko kwenye kibali cha mazishi.

* * *

Nanjala alikuwa mwenzake Anjeline wa soko kwa miaka thelathini na miwili. Waliuza samaki wadogo, wale ambao upande wa Uganda huitwa mukene na upande wa Kenya huitwa omena. Anjeline alileta magunia kutoka ng'ambo, Nanjala akapanga mafungu, na wote wawili wakagombana na wateja. Jumatano Anjeline alianguka pale pale kwenye meza yao, akiwa katikati ya kumtukana mtu aliyetaka kuonja mara ya pili. Nanjala alimpakia kwenye pikipiki, akampeleka hospitali ya karibu, ambayo ilikuwa ya upande wake. Usiku ule ule Anjeline akafariki.

"Uliwapatia jina gani?" Odoi akamuuliza sasa, sauti chini, mbele ya watu wote.

"Langu."

"Jina yako unapatia mama yangu?"

"Walitaka ndugu wa kutia sahihi, Odoi. Ningesema ni mwenzangu wa sokoni, ningeambiwa nimtafute ndugu, na yeye amelala kwenye benchi anahema. Nikasema ni dada yangu. Wakauliza jina la ukoo. Ningesema nini? Nikasema lililokuwa karibu."

"Ungepiga simu."

"Nilikupigia mara tisa. Ulikuwa umezima."

Jumatano mchana Odoi alikuwa kwenye kikao cha kanisa kuhusu mabati ya paa. Simu zote zilizimwa, na aliyesisitiza zizimwe alikuwa yeye.

"Ulichukua mama yangu," akasema hatimaye, "ukafanya yako."

Nanjala alijifuta pua kwa ncha ya leso. Joanita alitamani kwenda kusimama karibu naye, lakini akabaki pale pale. Mjomba alikuwa mjomba.

Olweny alikuwa amesikia yote, na sikio lake la kazi lilikuwa limeamka. "Mama, umesema ulitoa jina la uongo hospitalini?"

Mtoto aliyekuwa akililia soda akasahau kulia. Kila mfanyabiashara pale alijua kwamba jambo kama hilo, likiandikwa vibaya, linaweza kumlaza mtu ndani.

Nanjala alisogea hadi kaunta na kuweka mikono yake miwili juu yake, mikono inayonuka omena hata siku ya kanisa. "Ndiyo, afande. Nilidanganya. Nishike ukitaka. Lakini kwanza mwache huyu apite, kwa sababu yeye hakudanganya. Alikuwa amezimia."

* * *

Katika ukumbi ule, maafisa wa nchi mbili hukaa kaunta moja, kiti kwa kiti. Kando ya Olweny aliketi afisa wa Uganda, mama wa makamo aitwaye Amuge, ambaye mpaka hapo alikuwa akinywa chai yake na kugonga mihuri bila kuinua macho. Sasa aliweka kikombe chini.

"Olweny, hii mambo iko rahisi," akasema. "Tunataka kujua kama hawa watu wawili ni mtu moja. Basi tuulize watu yake. Mzee, hebu eleza. Mama yako alikuwa mtu ya namna gani?"

Odoi alifurahi kupata swali ambalo alikuwa na jibu lake. Alitoa kwenye koti karatasi tatu zilizopigwa chapa, wasifu wa marehemu alioutunga mwenyewe kwa siku mbili. Akakohoa, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Marehemu mama yetu alikuwa mwanamke mpole, mnyamavu, asiyependa makuu, ambaye hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda..."

"Afande," Nanjala akamkatiza, "huyo simjui. Kama ndiye aliye ndani ya sanduku, basi tumechukua maiti ya wenyewe."

Foleni yote ikaangua kicheko. Wanawake wa omena, ambao habari ilikuwa imewafikia wakaacha meza zao, walikuwa wamejaa mlangoni, na ndio waliocheka zaidi.

"Mnyamavu!" mmoja wao akasema. "Wakati wa korona, mpaka umefungwa, si ndiye alikuwa anasimama kule ng'ambo ya uzio anaimba? Polisi walidhani ni mama wa maombi. Kumbe anaimba bei!"

"Kweli kabisa," Nanjala akasema. "Aya ya kwanza, gunia. Aya ya pili, debe. Mimi huku naitikia kama kwaya. Polisi mmoja alivua kofia."

Amuge alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Olweny alijitahidi kuukaza uso wake kama shati lake.

"Na wewe, dada?" Amuge akamgeukia Joanita. "Wewe ni nani yake?"

"Mjukuu, mama. Ndiye aliyenilea."

"Sema wewe."

Joanita hakupenda kusema mbele za watu. Nyumbani aliyesema alikuwa nyanya, na yeye alikuwa na kazi ya kuona haya kwa niaba ya wote wawili. Alimwangalia mjomba wake. Mjomba alikuwa akiangalia karatasi zake.

"Alikuja chuoni kwetu Busitema," akaanza, "na kuku wa kuchemsha kwenye ndoo. Nilikuwa darasani. Hakutaka kungoja nje. Akaingia, akakaa nyuma, akasikiliza somo lote la kilimo. Mwisho mwalimu akauliza kama kuna swali. Nyanya akainua mkono."

"Akauliza nini?"

"Akamuuliza, 'Mwalimu, wewe shamba yako iko wapi?'"

"Mwalimu akasema nini?"

"Hakuwa na shamba. Kwa hiyo nyanya akampa paja la kuku, akamwambia aje Kiyeyi ajifunze."

Hata Olweny alicheka. Joanita naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, na katikati ya kicheko akajifuta macho haraka. Lakini Odoi alisimama wima kama aliyefumaniwa. Siku mbili alikaa akiandika mama ambaye angeweza kusomwa mbele ya askofu, na sasa watu wasiomjua, wenye magunia na mabegi, walikuwa wanamrudisha yule mama mwingine ambaye utotoni alimfanya atamani ardhi ipasuke. Aliwahi kucheza ngoma kwenye harusi ya mkuu wa shule. Aliwahi kumvua kasisi miwani ili aone vizuri macho yake.

"Hadithi ni nzuri," Olweny akasema, akirudisha uso wa kazi. "Lakini siwezi kugonga muhuri juu ya kuku. Kuna picha. Tumwangalie."

Wakatoka nje, wakafungua kidirisha cha sanduku. Olweny akaweka kitambulisho kando ya uso. Wote wakainama.

Waliomtayarisha walikuwa wamefanya kazi kwa moyo. Walimpaka poda nyeupe, wakamchora nyusi, wakamvika nywele za bandia zenye mawimbi. Midomo yake, ambayo haikuwahi kufungwa zaidi ya dakika moja, ilikuwa imefungwa na kupakwa rangi nyekundu. Alifanana na msoma habari wa televisheni.

"Huyu..." Olweny akasema.

"Ni yeye," Joanita akasema, lakini hata yeye alisikia sauti yake ikiyumba.

"Jameni, nani amemfanya hivi?" Nanjala akanong'ona. "Angejiona angewachapa."

Olweny akafunga kidirisha kwa heshima. "Sina njia, mzee. Labda kuwe na alama. Kovu, kitu. Kitu kilichoandikwa mahali."

Hapo Joanita akakumbuka mkoba. Akaufungua juu ya boneti ya gari: rozari, kipande cha sabuni, tumbaku ya kunusa, na kijitabu cha zamani cha kuvukia mpaka, kilichochakaa hadi kona zikawa duara. Amuge alikichukua. "Hizi tulikuwa tunatoa sisi. Zamani zilikuwa na mahali ya kuandika alama ya mwili." Akageuza kurasa, akatafuta, akasimama. Akasoma kimya. Kisha, bila kuonyesha mtu, akasema, "Mzee, mama yako alikuwa na alama gani?"

Odoi akafikiri. Halafu uso wake ukafunguka.

"Iko! Iko mkono ya kushoto, hapa ndani, juu ya kiwiko. Chanjo."

"Chanjo?"

"Chanjo ya ndui. Ya zamani. Walikuwa wanaandika jina ya dawa kwa sindano. Inaitwa Okochi."

Amuge aliinua macho kutoka kwenye kijitabu.

"Inaitwa nani?" Amuge akauliza, taratibu sana.

"Oko..."

Joanita aliliona neno likimkwama mjomba wake mdomoni. Yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa hivyo hivyo, akiwa na miaka sita, akimwogesha nyanya mgongo, na kwa muda mrefu aliwauliza wenzake shuleni kama na wao wamechanjwa Okochi. Alipofika kidato cha pili akaelewa, akamwendea nyanya, na nyanya akacheka mpaka akakaa chini, akamwambia asimwambie mtu. Lakini mjomba alikuwa amepewa jibu hilo akiwa mtoto, akaliweka mahali, na hakuwahi kulitoa tena kuliangalia. Sasa alikuwa amelitoa, mbele ya serikali mbili.

Wanawake wa omena walijaribu kujizuia wasicheke. Kwa kweli walijaribu. Wa kwanza aliyeshindwa alikuwa Nanjala. Alijishika kwenye mlango wa gari, akateleza hadi chini, leso mdomoni. Halafu wote. Jeff dereva alikabwa na ndizi.

"Okochi ni nani?" Odoi akauliza. Hakumuuliza yeyote hasa.

"Ni mtu wa Dabani," Nanjala akasema kutoka chini, akijifuta machozi. "Kabla ya baba yako, Odoi. Walikuwa vijana. Walichanjana majina kwa sindano na masizi ya taa. Alitaka kulitoa alipoolewa, akaona litauma."

Amuge aligeuza kijitabu, akakiweka mbele yake. Kwenye mstari wa alama, kwa wino wa zamani, karani fulani alikuwa ameandika: OKOCHI, MKONO WA KUSHOTO. Juu yake, jina: Anjeline Akoth wa Kiyeyi.

"Sasa ni wewe, mzee," Olweny akasema. Hakuwa anacheka tena. "Nikiliona hilo jina kwenye mkono, nimemaliza. Lakini ni mama yako. Ukikataa afunuliwe, sitalazimisha. Tutangoja Jumatatu."

Odoi alitazama foleni, wanawake, madereva wa malori waliokuwa wamekusanyika. Kesho kutwa habari hii itakuwa Malaba. Alitazama saa yake. Kisha akavua koti, akalitandaza kwa mikono miwili kati ya sanduku na macho ya watu, kama mtu anayekinga mshumaa usizimwe na upepo.

"Joanita," akasema kwa Kidhopadhola, lugha ya nyumbani, "mfunue mkono."

* * *

Nanjala aliandika maelezo yake kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, Amuge akimsaidia herufi. Olweny aliyasoma mara mbili.

"Jina la uongo ni jina la uongo, mama," akasema.

"Afande, hawa samaki wangu wakivuka hapa wanabadilishwa jina kila asubuhi, na hujawahi kuwashika."

Olweny akachukua kalamu. Kisha akaandika kwenye kibali, kwa mwandiko wake safi, *ndiye pia Anjeline Akoth*, akagonga muhuri wake, Amuge akagonga wake.

Odoi alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. Nanjala alikuwa bado amesimama kaunta, hajui kama anaruhusiwa kwenda popote.

"Wewe unangoja nini?" akamwambia. "Gari inatoka."

"Nije?"

"Karatasi inasema wewe ni dada yake. Sasa dada atabaki huku?"

Nanjala akapanda mbele, kwenye kiti kilichokuwa cha Odoi. Odoi akakaa nyuma na Joanita, mmoja kila upande wa sanduku, mpaka Kiyeyi. Walipopita Busitema ndipo Odoi alipouliza, bila kumtazama, "Huyo mwalimu, alikuja kweli?"

"Alikuja mara mbili, mjomba. Alipanda muhogo."

* * *

Walifika saa tisa kasorobo. Mchungaji alikuwa amechoka, wakwe walikuwa wamekula. Odoi alisimama kando ya kaburi, akasoma wasifu wake kama alivyouandika, kwa sababu hakuwa na mwingine. Alipofika kwenye "mpole na mnyamavu," akina mama wa Kiyeyi walianza kukohoa, mmoja baada ya mwingine, hata akalazimika kungoja.

Alikuwa kwenye ukurasa wa tatu wakati pikipiki ilipoingia uani. Nyuma ya dereva alikaa mzee mwembamba mwenye fimbo, suruali imekunjwa hadi magotini kwa vumbi. Alishushwa kama mzigo wa vyungu. Mwongozaji wa shughuli akamfuata na kipaza sauti, akamuuliza kwa adabu yeye ni nani upande wa marehemu.

Mzee alichukua kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi nimetoka Dabani," akasema. "Watu wa pikipiki wameniambia. Mimi ndiye ile chanjo."

Safari hii mchungaji mwenyewe aligeuka akaangalia migomba. Joanita alimtazama mjomba wake na kuogopa. Odoi alikunja karatasi zake. Akatembea hadi kwa mzee, akamshika mkono, akamwongoza katikati ya watu wa familia, kwenye udongo. Akampa sepetu. Mzee hakuweza kuiinua, basi Odoi akashika mpini pamoja naye, na udongo wa kwanza wakautupa wote wawili.

Baadaye, watu walipokaa kula, Odoi alijiletea sahani na kiti akakaa karibu na mzee Okochi. Joanita na Nanjala walikuwa hapo hapo, wakigawana bakuli la mchuzi.

"Mzee," Odoi akasema, "nani aliacha mwenzake?"

"Yeye. Aliniambia nimngoje stendi ya Busia, anakwenda nyumbani kuchukua nguo. Nilingoja siku tatu. Halafu nikaoa."

"Hamkuonana tena?"

"Tulionana kila siku ya soko. Miaka yote. Nilikuwa nanunua omena kwake."

"Kweli," Nanjala akasema. "Fungu moja, kila wiki. Na Anjeline alikuwa anampunja mbele ya macho yake."

"Alinipunja sana," mzee akakubali kwa fahari. Alisukuma kando kipande cha samaki kilichokuwa kwenye sahani yake. "Na mimi omena sili. Tangu utoto. Tumbo langu linakataa."

Odoi akasimamisha tonge hewani. "Sasa ile yote ulikuwa unapeleka wapi?"

"Nilikuwa na paka wengi."

Odoi akacheka. Kicheko kilianza kidogo, puani, kisha kikamshuka tumboni, akaweka sahani chini, akajishika mbavu, na kabla kicheko hakijaisha kilikuwa kimegeuka kitu kingine, mabega yanaruka, mikono imefunika uso. Kwenye meza ya mbele wazee wa kanisa walianza kugeuza shingo.

Joanita alinyanyua kiti chake, akakiweka kati ya mjomba na wazee wa kanisa, akakaa akiwapa mgongo, gauni lake pana la gomesi limejaa pale katikati, akaendelea kula.